Maisha ya bweni Tabora

Maisha ya bweni Tabora ni utaratibu wa kuishi wa wanafunzi wanaolala shuleni au chuoni katika mji wa Tabora, magharibi mwa Tanzania. Mji huo ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na tangu miaka ya 1920 una shule za bweni zilizopokea vijana kutoka karibu kila pembe ya nchi. Siku hizi kuna pia vyuo kadhaa mjini, na vijana wengi wa mkoa huo huondoka kila mwaka kwenda vyuo vikuu vya Dodoma, Mwanza na Dar es Salaam.

Kwa mwanafunzi anayetoka mbali, kitanda ni sehemu ya shule sawa na dawati. Mwenye nafasi ya kusoma lakini hana pa kulala anaweza kushindwa kuitumia nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo historia ya bweni inaeleza pia ni nani aliyeweza kusoma, nani aligharamia, na nini kilitokea wanafunzi walipokuwa wengi kuliko vitanda.

Maneno

Katika Kiswahili cha zamani bweni ni nyumba au chumba walimolala vijana wasiooa au wasioolewa. Shule zilipoanza kulaza wanafunzi, neno hilo lilichukuliwa kwa nyumba ya kulala shuleni, na shule yenyewe ikaitwa shule ya bweni, tofauti na shule ya kutwa. Zanzibar hutumika zaidi neno dahalia, lenye asili ya Kiarabu. Katika vyuo watu husema hosteli. Chumba ambacho mwanafunzi hupanga mtaani, nje ya chuo, huitwa gheto.

Mahali pa kulia chakula ni bwalo. Masomo ya jioni ya kujisomea huitwa prepo. Mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza au cha tano huitwa njuka na wenyeji wake.

Kabla ya shule

Desturi ya vijana na wageni kulala pamoja ilikuwepo Unyamwezi kabla ya shule za kigeni. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mnamo Novemba 1857 pamoja na John Speke, alieleza habari za iwanza. Hiyo ilikuwa nyumba ya pamoja katika kijiji cha Wanyamwezi, ambamo wanaume walikutana, walikula, walizungumza na mara nyingi walilala. Wanawake walikuwa na nyumba yao upande mwingine wa kijiji.

Misafara ilikuwa na utaratibu wake pia. Safari kutoka pwani hadi Tabora ilichukua miezi miwili, mitatu au zaidi, kufuatana na mvua, njaa, vita na mazungumzo ya hongo kwa watawala wa njiani, hasa Ugogo. Wapagazi walijigawa katika vikundi vidogo vilivyopika chungu kimoja. Mmoja alitafuta kuni, mwingine alichota maji, mwingine alijenga kibanda, na posho iligawanywa kati yao. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, lakini walikuwepo pia watu wa pwani na wa makabila mengine. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya njiani.

Tabora yenyewe ilikuwa mahali pa kusubiri. Wafanyabiashara na wasafiri walikaa katika tembe zao kwa wiki au miezi wakitafuta wapagazi wapya. David Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji, hadi Agosti 1872 akisubiri watu na mizigo ambayo Henry Morton Stanley alimtumia kutoka pwani. Tembe ya Kwihara sasa ni makumbusho.

Reli na shule

Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Kwa hiyo Tabora ilibaki njia panda kama wakati wa misafara, ila safari ya miezi ilikuwa sasa safari ya siku chache. Mwanafunzi wa Musoma aliweza kupanda meli hadi Mwanza kisha treni hadi Tabora, na yule wa pwani alipanda treni moja kwa moja. Bila reli ingekuwa vigumu kuwa na shule moja iliyokusanya vijana wa nchi nzima.

Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilianzisha shule ya wavulana ambayo leo ni Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora. Mwanzoni ilikusudiwa hasa kwa wana na ndugu za machifu, kwa kuwa utawala wa Waingereza ulitaka kutawala kupitia machifu na ulihitaji machifu na makarani wenye elimu. Mfano wake ulikuwa shule za bweni za watu wakubwa Uingereza. Wavulana waligawanywa katika nyumba, kila nyumba na viranja wake, na nyumba zilishindana katika michezo na usafi. Baadaye walipokelewa pia wavulana wasio wa ukoo wa kichifu waliofaulu mitihani.

Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki, alisoma hapo kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, na alijulikana kwa bidii yake katika midahalo ya wanafunzi. Baada ya masomo ya Makerere alirudi Tabora mwaka 1945 kufundisha katika shule ya Kikatoliki ya St. Mary's, hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Wengine waliosoma katika shule ya serikali Tabora ni Rashidi Kawawa, Oscar Kambona na Samuel Sitta.

Shule hiyo ilikuwa na matokeo ambayo waanzilishi wake hawakuyakusudia. Vijana waliotarajiwa kurudi kila mmoja kwenye himaya ya baba yake walilala chumba kimoja kwa miaka kadhaa, wakala chakula kimoja na kuzungumza Kiswahili baada ya masomo. Walijuana kwa majina na tabia. Wakati harakati za uhuru zilipoanza, baadhi yao walikuwa tayari na marafiki katika majimbo mengi ya Tanganyika.

Tabora ina pia Shule ya Sekondari ya Wasichana, na nje ya mji iko Seminari Kuu ya Kipalapala ya Kanisa Katoliki. Hivyo vijana wa kike, wa kiume na waseminari wameishi kwa miongo mingi katika mji uleule, kila kundi kwa kengele yake.

Siku ya bwenini

Ratiba hutofautiana kati ya shule na shule, lakini sura yake hufanana. Kengele hupigwa alfajiri, mara nyingi mnamo saa kumi na moja. Wanafunzi hutandika vitanda, huoga, hufagia na kupiga deki. Baada ya uji husimama mstarini, ambapo kiranja huhesabu watu na mwalimu wa zamu hutoa matangazo. Masomo huendelea hadi mchana. Baada ya chakula kuna kazi za mikono, michezo au mapumziko, kisha chakula cha jioni na prepo. Taa huzimwa mnamo saa nne usiku.

Chakula cha kila siku ni ugali na maharage. Makande, wali na nyama huja kwa siku maalumu, na kila mwanafunzi anazijua siku hizo kuliko anavyojua ratiba ya vipindi. Tabora husifika kwa miembe yake, ambayo mingi inahusishwa na wakati wa misafara, na kwa asali. Msimu wa maembe karibu na mwisho wa mwaka husaidia sana vijana wenye njaa ya saa kumi jioni.

Maji yamekuwa tatizo la muda mrefu mjini. Kwa miaka mingi mji ulitegemea hasa bwawa la Igombe, na katika miaka ya karibuni ulifikiwa na maji ya Ziwa Viktoria. Bweni ambalo halina maji hubadilisha ratiba yote: wanafunzi huamka mapema zaidi kupanga foleni ya ndoo, usafi wa vyoo hudorora, na muda wa kusoma hupungua. Ndiyo sababu ndoo yenye mfuniko haikosekani kamwe katika fomu ya kujiunga. Vitu vingine vinavyotajwa kwa kawaida ni godoro, shuka, chandarua, sare, tranka yenye kufuli, jembe au fyekeo, ufagio na rimu ya karatasi. Kwa mzazi mkulima orodha hiyo inaweza kuwa mzigo mkubwa kuliko ada.

Baada ya uhuru

Baada ya mwaka 1961 serikali ilitumia shule za bweni kwa makusudi kujenga umoja wa taifa. Kijana wa Lindi aliweza kupangiwa shule Tabora, na wa Tabora kupangiwa Songea au Moshi. Serikali ililipa masomo, chakula na malazi, na ilitoa waranti ya kusafiria kwa reli au basi. Mwanzoni na mwishoni mwa muhula stesheni ya Tabora ilijaa matranka na wanafunzi waliosubiri treni za Kigoma, Mwanza, Mpanda na Dar es Salaam.

Mwaka 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliagiza shule ziwe na mashamba na miradi. Wanafunzi wa bweni walilima, walifuga na kufanya usafi wao wenyewe. Lengo lilikuwa kwamba msomi asijione bwana juu ya mkulima aliyemlipia. Katika shule nyingi shamba lilisaidia kujaza ghala la chakula. Katika nyingine likawa adhabu tu, hasa pale mavuno yalipotoweka bila wanafunzi kuelezwa yalikokwenda.

Mabadiliko makubwa yalianza mwaka 2004 kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari. Karibu kila kata ilijengewa shule ya sekondari ya kutwa. Nafasi za kidato cha kwanza ziliongezeka kupita kiasi ambacho mabweni yangeweza kubeba. Hata hivyo, katika mkoa wa Tabora vijiji vingi viko mbali na vingine, katikati ya misitu ya miombo na mashamba ya tumbaku. Mwanafunzi wa kutwa aliweza kutembea saa kadhaa kwa siku, au kupanga chumba karibu na shule akiwa bado mtoto. Kwa wasichana hali hiyo ilileta hatari ya kudhulumiwa, mimba na kuacha shule. Kwa hiyo jamii na halmashauri nyingi zimejenga hosteli za wasichana katika shule za kata, wakati mwingine kwa michango ya mahindi na nguvu za wazazi.

Shule mbili kongwe za Tabora, ya wavulana na ya wasichana, zimo katika kundi la shule za vipaji maalumu, pamoja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato. Zinaendelea kupokea wanafunzi kutoka mikoa yote.

Kati ya shule na chuo kikuu

Wahitimu wa kidato cha sita hupitia kambi nyingine kabla ya chuo. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa mwaka 1963, na utaratibu wa wahitimu kuingia kwa mujibu wa sheria ulianza mwaka 1966. Ulisitishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013. Mojawapo ya kambi zinazopokea vijana hao ni Msange, mkoani Tabora. Kwa aliyesoma shule ya kutwa maisha yake yote, kambi inaweza kuwa mahali pa kwanza pa kulala chumba kimoja na watu wengi asiowajua.

Sheria hiyo ndiyo iliyosababisha mgogoro mkubwa wa kwanza kati ya serikali na wanafunzi wa chuo kikuu. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 20, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Wanafunzi waliishi katika mabweni ya chuo kwa gharama ya serikali. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana kupinga masharti ya JKT, hasa makato ya mishahara yao ya baadaye. Rais Nyerere aliwafukuza karibu 400 na akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa baadaye. Hoja iliyobishaniwa siku ile haijaisha mpaka leo: mwanafunzi anayelazwa na kulishwa na umma ana deni gani kwa umma?

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mhitimu wa sekondari afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Kwa sababu hiyo, kwa miaka kadhaa mabweni ya Mlimani yalikuwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokuwa watu wazima, wenye uzoefu wa kazi na mara nyingi wenye familia nyumbani.

Uchangiaji wa gharama na mikopo

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianza sera ya uchangiaji wa gharama za elimu ya juu. Mwanafunzi na familia yake walianza kubeba sehemu ya gharama ambazo awali zililipwa na serikali peke yake. Wakati huohuo idadi ya wanafunzi ilianza kupanda, na vyuo vikuu vingine vya umma na vya binafsi vilifunguliwa.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mkopo hugawanywa katika mafungu, likiwemo la ada, la vitabu na viandikia, la mafunzo kwa vitendo, na la chakula na malazi. Fungu la chakula na malazi hulipwa kwa mwanafunzi mwenyewe, naye hulisaini kabla ya kulipokea. Wanafunzi huliita bumu. Kiwango chake kilipandishwa katika miaka ya karibuni kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku.

Mabadiliko hayo yaligeuza maana ya bweni. Zamani kitanda na sahani vilikuja pamoja na nafasi ya masomo. Sasa mwanafunzi hupata fedha, kama amepata mkopo, kisha hutafuta kitanda na sahani. Asiyepata mkopo hutegemea wazazi, na bei ya tumbaku au mpunga wa mwaka huo huamua kama atalala hosteli au kwa ndugu.

Mwaka wa kwanza chuoni

Kwa vijana wengi wa Tabora chuo kikuu kikubwa kilicho karibu ni Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho kiko pia kwenye Reli ya Kati, katika nchi ya Ugogo waliyopita wapagazi. Kilianzishwa mwaka 2007 juu ya vilima vya Chimwaga, nje ya mji, na kilipangwa kuwa na wanafunzi 40,000. Sehemu kubwa ya majengo ilijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii. Kwa kuwa eneo lake lilikuwa tupu, hosteli zilijengwa pamoja na madarasa, na kila ndaki ina makazi yake. Mgeni hujifunza kwanza umbali: kutoka ndaki moja hadi nyingine ni safari ya basi au ya mguu wa muda mrefu.

Dar es Salaam hali ilikuwa tofauti. Mabweni ya Mlimani yalijengwa kwa ajili ya wanafunzi wachache, na mji ulikua ukakizunguka chuo. Hosteli ya Mabibo iliongezwa kilometa chache kutoka chuoni, lakini haikutosha. Hapo ndipo ilipoenea desturi ya kubebana: mwanafunzi aliyepata kitanda humpokea mwenzake asiye na nafasi, na wawili hulala kitanda kimoja. Chuo hukataza, kwa kuwa vyoo, maji na umeme vya chumba cha watu wanne hutumiwa na wanane. Lakini anayebebwa mara nyingi hana njia nyingine, na anayembeba huwa ni mtu wa shule moja naye, wa mkoa mmoja au wa dini moja. Aprili 2017 zilizinduliwa hosteli mpya zinazojulikana kama Hosteli za Magufuli, zenye majengo 20 ya ghorofa na nafasi za wanafunzi 3,840.

Pale nafasi zinapokuwa chache, vyuo huweka utaratibu wa nani apewe kwanza. Kwa kawaida hutangulia wanafunzi wenye ulemavu na wa mwaka wa kwanza, kwa sababu hawaujui mji. Maana yake ni kwamba mwaka wa pili au wa tatu mwanafunzi hutakiwa kuhamia mtaani. Mwaka wa kwanza hosteli humpa muda wa kujuana na wenzake atakaopanga nao gheto baadaye.

Wiki za kwanza huwa na mambo mengi kwa pamoja: usajili, kuhakiki vyeti, kufungua akaunti ya benki, bima ya afya, kusaini mkopo na kupata chumba. Chuo huweka siku za mwongozo, na serikali ya wanafunzi huwapokea wageni. Tatizo la kawaida ni kwamba fedha huweza kuchelewa wakati mahitaji yameshaanza. Mwanafunzi aliyesafiri kutoka Kaliua au Sikonge akiwa na nauli ya kwenda tu hukwama mapema. Kwa hiyo familia hushauriwa kumpa mgeni fedha ya chakula ya wiki kadhaa, bila kutegemea kwamba bumu litamkuta mlangoni.

Makazi ya chuoni yanaweza pia kukatika ghafla. Mei 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliamriwa kuondoka Chuo Kikuu cha Dodoma kwa muda mfupi sana, baada ya masomo yao kusimama kutokana na mgomo wa walimu. Wengi walikuwa vijana wadogo waliotoka mikoa ya mbali, na kufungwa kwa masomo kulikuwa kwao pia kupoteza mahali pa kulala usiku ule.

Vyuo vya Tabora mjini

Tabora ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza. Jina lake linatokana na Marko Mihayo, aliyekuwa askofu mkuu wa Tabora kuanzia mwaka 1960 hadi 1985. Kuna pia Chuo cha Uhazili, Chuo cha Ardhi, Chuo cha Ufugaji Nyuki, chuo cha reli na vyuo vya ualimu na vya afya.

Wanafunzi wasio na nafasi katika hosteli za vyuo hupanga vyumba mitaani. Gheto lina uhuru ambao bweni halina: hakuna kengele wala mwalimu wa zamu. Lina pia gharama zisizoonekana katika hesabu za mwanzo. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi mitatu, sita au zaidi kwa mkupuo. Mkaa au gesi, maji, umeme na bodaboda ya usiku hulipwa na mwanafunzi. Wengi hupunguza gharama kwa kuishi wawili au watatu na kupika kwa zamu, na mara nyingi ugomvi wa kwanza hutokea kuhusu nani alipika jana.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo mkoani Tabora na hufundisha bila bweni. Mwanafunzi hubaki nyumbani na kazini. Anaepuka gharama ya malazi, lakini anakosa mijadala ya usiku na wenzake wa kuulizana swali lililomshinda.

Ugeni, utani na uonevu

Wanyamwezi wana utani na makabila kadhaa, yakiwemo ya pwani kama Wazaramo, na watafiti wengi huhusisha utani huo na enzi ya misafara. Katika bweni utani ni njia ya haraka ya kumwingiza mgeni: mtani humchokoza, humnyang'anya embe, humzika kwa maneno akiwa hai, na wote hucheka. Masharti yake ni kwamba pande zote mbili zina haki ileile, na mtani anayechokoza ndiye anayetarajiwa kusaidia wakati wa msiba.

Uonevu wa njuka hufanana na utani kwa sura lakini hauna masharti hayo. Mkubwa humfulisha mdogo nguo, humchukulia sukari au humwamsha usiku, na mdogo hana haki ya kujibu. Shule huukataza, lakini huendelea pale viranja wanapoachiwa mamlaka bila kusimamiwa. Dalili zake ni mwanafunzi kuanza kukwepa bwalo, kupoteza vitu mara kwa mara au kuomba ruhusa za ugonjwa kila wiki. Mlezi wa bweni anayepita vyumbani saa zisizojulikana huuzuia kuliko tangazo la mstarini.

Usalama wa bweni

Hatari kubwa kuliko zote katika bweni ni moto wa usiku. Juni 1994 wasichana zaidi ya 40 walikufa katika moto wa bweni la shule ya sekondari ya Shauritanga, Rombo. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa katika sekondari ya Idodi, Iringa. Nchini Kenya moto uliua wavulana 67 Kyanguli mwaka 2001, na wanafunzi 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024.

Baadhi ya mambo yanayoongeza vifo katika moto wa bweni yanajulikana vizuri. Milango hufungwa kwa kufuli kutoka nje ili wanafunzi wasitoroke. Madirisha huwekwa nondo ili wezi wasiingie. Vitanda hubanwa kwa kuwa wanafunzi wamezidi, na godoro la sponji huwaka upesi na kutoa moshi mzito. Chanzo kinaweza kuwa mshumaa, waya mbovu au pasi iliyosahauliwa. Bweni salama lina milango miwili inayofunguka kwa nje, madirisha yasiyo na nondo au yenye nondo zinazofunguka kwa ndani, nafasi kati ya vitanda, na orodha ya majina ya waliolala humo usiku huo.

Orodha hiyo ndiyo inayomwezesha mlezi kujua kama wote wametoka. Katika hosteli ya kubebana haiwezi kuwa sahihi, kwa kuwa mwanafunzi anayebebwa hayumo ndani yake. Kwa sababu hiyo uhaba wa vitanda, ambao huonekana kama shida ya starehe tu, ni jambo la usalama wa maisha ya wanafunzi.